Barua za Masasi na Mkono wa Mchaguzi

Kitabu cha barua kina waandishi wawili: aliyeziandika na aliyezichagua. Wa pili hutajwa kwa herufi ndogo, lakini ndiye aliyeamua tusome nini. Chukua barua za Chauncy Maples, mmisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyefika Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1877, miezi michache baada ya Askofu Edward Steere kuanzisha pale kijiji cha watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Mwaka 1879 alichapisha mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kimakua. Septemba 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, waliishambulia Masasi, na kazi ikahamishiwa Newala, kwa chifu Matola. Mwaka 1886 Maples alihamia kisiwa cha Likoma, na tarehe 2 Septemba 1895 alizama katika Ziwa Nyasa. Mwaka 1897 dada yake alitoa kitabu cha maisha yake, na katika jina lenyewe la kitabu akakiri kwamba barua zilizomo ni za kuchaguliwa.

Kukiri huko kunastahili heshima, na pia kunatupa ufunguo wa kukisoma kitabu. Miaka miwili tu baada ya msiba, dada alikuwa bado katika majonzi, wengi waliotajwa walikuwa hai, na misheni iliishi kwa michango ya wasomaji wa vitabu kama hicho. Katika hali hiyo, wasifu ndio unaoongoza na barua huitwa kuja kuuthibitisha. Sasa linganisha na barua ambazo mwandishi Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake na msiri wake, Yusuf Ulenge. Zilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 2002, zikihaririwa na M. M. Mulokozi, na jina la kitabu linabeba miaka yenyewe: 1931 hadi 1958. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo miaka arobaini ilipita. Hapa wakati ndio uzi unaozishika barua pamoja, na aliyezitunza ni mpokeaji, aliyejua kila neno lilijibu nini.

Msomaji anaweza kupinga kwamba kuchagua hakuepukiki, na kwamba hata mpokeaji anaweza kuficha barua inayomuumiza. Ni kweli. Lakini ipo tofauti kati ya pengo linaloonekana na pengo lililoshonwa. Barua zikipangwa kwa tarehe, mwaka uliokosa barua unajitangaza wenyewe, na msomaji huuliza. Vipande vikitiwa ndani ya masimulizi ya mtu mwingine, pengo hufunikwa na sentensi ya msimulizi. Wengine watasema siri za marehemu ziachwe zipumzike. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa karatasi ni mali ya aliyepokea, ilhali maneno yanabaki ya aliyeandika na warithi wake. Jibu langu ni kusubiri na kuomba ridhaa ya warithi. Kukata kimya kimya hakumlindi marehemu. Kunampa sauti isiyo yake. Na ipo hasara ambayo mhariri yeyote hawezi kuitibu peke yake: barua za Maples zinasema upande mmoja. Wamakua waliomfundisha maneno ya mkusanyo wake wanasikika kupitia kalamu yake tu.

Kwa sababu hiyo, barua zilizomo kwenye masanduku ya nyumba za Masasi na Newala, za waliosoma katika shule za Chidya au Ndanda na waliokwenda kutafuta kazi mbali, zina thamani kubwa. Zitunzwe pamoja na bahasha, maana muhuri wa posta huthibitisha mahali na siku hata mwandishi akisahau tarehe. Zipewe namba kwa mfuatano wa wakati kabla ya mtu yeyote kuamua ipi ni nzuri. Kinachoachwa kiwekewe alama na sababu yake ielezwe. Mchaguzi akifanya hivyo, wajukuu wataweza kuuona mkono wake, na wakitaka, kuchagua upya.