Kiganja Ukutani

Kabla ya kutaja bei, na hata kabla ya kuomba ngazi, fundi bomba mzoefu aliyeitwa kwenye nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, huweka kiganja ukutani. Hagongi wala hapimi. Anaupapasa ukuta kama mama anavyopapasa paji la uso la mtoto usiku. Pale ubaridi unapozidi, pale chokaa inapobaki mkononi kama unga, pana maji yanayotembea bila ruhusa. Ndipo atakapouliza bafu la ghorofa ya juu liko wapi, na mara nyingi kidole chake kitakuwa kimeshaelekea huko.

Wengi wanaokarabati nyumba huanzia dukani. Bomba gani zuri, la chuma au la plastiki? Jeupe au la kijani? Lipi rahisi? Maswali hayo hayajibiki mpaka ujulikane ukuta litakamopita, maji litakayobeba na jua litakaloliwakia. Ndiyo maana kiganja hutangulia.

Na ukuta wa Mji Mkongwe si wa kuchezea. Nyumba za mji huo, ulioingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa na unene wa nusu mita na zaidi. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, maana upana haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Kuta hizi hunyonya mvua ya masika na kuirudisha hewani jua likitoka. Zimezoea. Zisichokizoea ni tone lisilokoma. Tone hilo hulainisha chokaa, huozesha ncha ya boriti iliyozikwa ndani ya ukuta, kisha huwaita mchwa. Nyumba iliyostahimili zaidi ya karne moja inaweza kuanza kuinama kwa sababu ya kiungo cha nusu inchi.

Zamani maji hayakufichwa. Katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilikuwa na birika la chokaa. Chini yake lilitiwa bakuli la kaure, na majini waliachiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Mwenye nyumba aliyaona maji yake kila asubuhi, akajua yamepungua au yamechafuka. Unguja nako watu walitegemea visima na vichwa vya wachukuzi, hadi Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Raha ikawa kubwa. Lakini tangu maji yalipoingia ndani ya chuma, na chuma kikaingia ndani ya ukuta, akahitajika mtu wa kuyajua bila kuyaona.

Lugha yenyewe inaijua njia hiyo ya maji kwa majina mawili. Unguja maji hutoka mferejini. Bara hutoka bombani, neno tulilorithi kwa Wareno. Vijana wa Dar es Salaam wakaligeuza neno hilo kuwa sifa, kitu kizuri kikawa “bomba”, na pengine hakuna kazi nyingine ya mikono iliyowahi kupewa heshima hiyo bila kuiomba.

Kwa miaka mingi mfalme wa kuta alikuwa bomba la chuma lililopakwa zinki, ambalo mafundi huliita GI. Wapo wazee wanaolikumbuka kwa mapenzi, na wana haki. Kulifunga kulikuwa kazi ya mwili mzima: bomba limebanwa kwenye jiliwa, dai ya kukatia uzi inazungushwa nusu mzunguko mbele na robo nyuma, mafuta yanadondoshwa, vipande vya chuma vinajikunja kama nywele. Uzi wa bomba la nusu inchi una meno 14 katika kila inchi, nao hukatwa kwa mteremko mdogo, ili kadiri elbo inavyokazwa ndivyo inavyobana. Kisha hufungwa nyuzi za katani zilizolowa rangi, au siku hizi ile tepu nyeupe. Fundi mzuri alijua kwa mkono tu lini aache kukaza.

Ila dai hiyohiyo inayokata uzi huondoa zinki. Mahali ambapo bomba limekatwa ndipo lilipo uchi, na ndipo palipo pembamba zaidi, kwa hiyo kutu huanzia kwenye uzi. Weka bomba hilo ndani ya ukuta wa matumbawe wenye unyevu na chumvi, hatua chache kutoka baharini, halafu lipitishe maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Litaliwa kutoka pande zote mbili. Maji ya kahawia yanayotangulia asubuhi bombani ni bomba lenyewe likitoka kidogokidogo.

Hapo wenye fedha huuliza shaba. Shaba ni nzuri, hudumu, huvumilia maji ya moto. Lakini ikitangulia chuma cha zinki kwenye njia ya maji, chembe zake husafiri, hutua juu ya zinki na kuitoboa. Fundi anayejua huhakikisha maji yanapita kwenye chuma kwanza, shaba baadaye. Kanuni fupi, nayo imeokoa nyumba nyingi kuliko vifaa vya bei mbaya.

Maji nayo yana neno lake katika uchaguzi huu. Mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, ulibadili chanzo cha maji Aprili 2014, ukaanza kutumia maji ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia ulikaji. Mabomba yalikuwa yaleyale ya jana. Maji mapya yakaula utando uliokuwa umefunika risasi ya mabomba ya zamani, na risasi ikafika vikombeni, watoto wakainywa. Mhandisi wa Kirumi Vitruvius alikwisha kuandika, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, kwamba mabomba ya udongo wa kufinyangwa yana afya kuliko ya risasi. Ilichukua miaka elfu mbili kumsikiliza.

Leo mafundi wengi wa pwani wakiulizwa hutaja PPR, plastiki inayotokana na polipropilini, ambayo kemia yake ilimpatia Mwitaliano Giulio Natta nusu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963. Haishiki kutu, chumvi haiigusi, wala haina uzi wa kukatwa. Viungo vyake huyeyushwa vikawa kitu kimoja, na hapa ndipo ufundi ulipohamia. Mashine hupashwa hadi nyuzi 260. Bomba la milimita 20 huingizwa upande mmoja na kiungo upande wa pili, kwa sekunde 5. Vikitolewa, fundi ana sekunde 4 za kuvisukuma pamoja, moja kwa moja, bila kuzungusha, mpaka kwenye alama ya penseli aliyoichora mapema. Kisha anashikilia, na kwa dakika 2 kiungo hakiguswi. Anayetazama ataona kazi ya mtoto. Lakini moto ukipungua, kiungo kitashika leo na kuachia mwakani, ndani ya ukuta uliokwisha pigwa lipu. Ukizidi, au mkono ukisukuma kupita alama, plastiki laini hujikunja kwa ndani. Nje panapendeza, ndani koo limebanwa. Mafundi wazuri huhesabu kimoyomoyo huku midomo ikichezacheza, na si adabu kuwasemesha wakati huo.

Kuhusu plastiki, Wamarekani wana kisa chao. Kati ya mwaka 1978 na 1995 mamilioni ya nyumba zao ziliwekewa mabomba ya polibutilini, rahisi, mepesi, yaliyosifiwa kuwa ya kesho. Klorini ya majini ikayafanya kuwa makavu na yenye nyufa, na sehemu nyingi zilizoanza kuvuja zilikuwa viungo vyake vya plastiki ya aina nyingine. Fundi anayeikataa bidhaa mpya mpaka aione nyumbani kwa mtu mwingine kwanza asiitwe mshamba.

Kuna kosa moja dogo linalofanywa kila siku, na hakuna anayelalamika mpaka aingie kuoga. Chuma hupimwa kwa tundu lake. Plastiki hupimwa kwa mwili wake wa nje. Mteja akiomba “ya nusu inchi” hupewa PPR ya milimita 20. Lakini ile nene ya daraja la PN 20 ina ukuta wa milimita 3.4, hivyo tundu lake ni milimita 13.2 tu, wakati nusu inchi ya chuma ina tundu la milimita 16 hivi. Karibu theluthi ya njia ya maji imepotea dukani. Inayolingana kweli ni ile ya milimita 25, yenye tundu la 16.6. Kwenye nyumba inayotegemea tangi la juu ya paa tofauti hiyo ni kubwa, maana kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya bafu halitoi hata theluthi ya hiyo.

“Si tuweke ya kawaida tu, fundi?” mwenye nyumba atauliza.

“Tuweke, bibi. Lakini ukioga, usinilaani.”

Juani, PPR ni dhaifu. Ikiachwa wazi juu ya paa huchakaa na kupasuka. Huko hupelekwa bomba jeusi la polithini, ambalo weusi wake ni masizi yaliyochanganywa makusudi kulikinga na jua. Maji ya moto yana hila nyingine: mita 10 za PPR zikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa sentimita 6, wakati chuma hurefuka nusu sentimita. Asiyeacha nafasi atasikia bomba likilia usiku. Na mita moja au mbili za mwanzo kutoka kwenye hita ya jua fundi huziacha ziwe za chuma, kwani maji ya humo siku ya kiangazi hupanda kuliko plastiki inavyovumilia.

Basi katika nyumba moja kongwe fundi huyo anaweza kutumia vitu vitatu: bomba jeusi paani, chuma kifupi penye hita, PPR kwingine. Na nyingi ya hiyo PPR hataizika. Kuchimba mtaro wa kulala katika ukuta wa matumbawe ni kuukata kiuno, kwa hiyo anaipitisha nje, pembeni mwa ua upande wa kivuli, imeshikwa na klipu. Mpenda urembo atanung'unika. Bomba linaloonekana, kama lile birika la Lamu, husema lenyewe likiugua.

Pale asipoweza kukwepa ukuta, hafungi mpaka apime. Anaziba ncha zote, anaunganisha pampu ya mkono, anapandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi, kisha anafunga koki na kuchora kwa penseli, kwenye kioo cha geji, mahali sindano iliposimama. Anakwenda nyumbani. Asubuhi anarudi na kuinama mbele ya geji kabla ya salamu kuisha. Sindano iko palepale. Mwenye nyumba anauliza kama sasa amwite mpiga lipu, na fundi, akikitafutia kiganja chake pa kukiweka ukutani, anamwomba angoje hadi adhuhuri, na amwambie huyo mpiga lipu aje na chokaa, saruji aiache kwao.