Jiko lenye kiuno: mfinyanzi na fundi bati walivyopunguza mkaa jikoni

Jiko la mkaa lenye chungu cha udongo ndani ya ganda la bati, ambalo maandishi ya nishati hulitaja kama Jiko la Kauri la Kenya, lilibuniwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutambulika kwa umbo lake: pana juu, limebanwa katikati kama ngoma, pana tena chini. Kila sehemu ya umbo hilo inajibu tatizo fulani, na majibu hayo hayakutoka kichwani mwa mtu mmoja. Mbunifu wa vifaa, mfinyanzi, fundi bati na mpishi walichangia kila mmoja kwa alichokijua, na ukikagua jiko kwa makini unaweza kuonyesha kwa kidole mchango wa kila mmoja wao ulipo.

Jiko lililolitangulia lilikuwa la bati tupu. Historia yake Afrika Mashariki huhusishwa na mafundi wa Kihindi waliofika zama za ujenzi wa reli. Lilikuwa na sehemu ya mkaa juu, bati lililotobolewa matundu katikati, na nafasi ya majivu chini yenye kijimlango. Lilikuwa jepesi, rahisi kutengeneza, na bei yake iliwezwa na mpangaji wa chumba kimoja. Ubaya wake ulikuwa kwenye bati lenyewe. Chuma hupitisha joto upesi mno, hivyo kuta za jiko zilipata moto mkali na kurusha joto pande zote: ukutani, sakafuni, miguuni mwa mpishi. Kati ya sehemu 100 za joto la mkaa, 15 hadi 20 tu ndizo zilizofika kwenye sufuria.

Hasara hiyo inaonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Kilo moja ya mkaa mzuri ina nishati ya karibu megajuli 30. Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, kiasi cha meta 1,700, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Kuchemsha lita 2 za maji zilizoanza kwenye nyuzi 20 kunahitaji kilojuli 630. Kama joto lote lingeingia majini, gramu 21 za mkaa zingetosha, vipande viwili au vitatu tu. Kwa jiko linalofikisha asilimia 15, zinahitajika gramu 140. Jiko likifikisha asilimia 30, mahitaji yanashuka hadi gramu 70. Mkaa huo ni uleule na maji ni yaleyale. Tofauti yote iko kwenye ukuta unaouzunguka moto, na ndiyo maana wabunifu walianza na ukuta.

Msukumo wa kulishughulikia jambo hilo ulitoka pande kadhaa. Kupanda kwa bei ya mafuta katika miaka ya 1970 kuliwarudisha wengi wa mijini kwenye mkaa, na mkaa nao ukazidi kupanda bei. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati, na mwenyeji alikuwa Nairobi. Wakati huohuo Wizara ya Nishati ya Kenya iliendesha mradi wa nishati jadidifu kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID. Ndani ya kazi hiyo Maxwell Kinyanjui, mbunifu Mkenya, akawa kiungo kati ya vipimo vya wataalamu na karakana za mitaani. Muungano wa mashirika yasiyo ya kiserikali ya nishati, KENGO, ulishughulikia mafunzo na uhamasishaji.

Kielelezo kilikuwa jiko la ndoo la Thailand. Hilo ni ndoo ya bati yenye chungu kizito cha udongo ndani, na katikati yake majivu ya maganda ya mpunga yanayozuia joto lisitoroke. Wazo lilikuwa zuri, lakini kulihamisha jinsi lilivyo hakukufaulu. Ndoo ni nyembamba chini kuliko juu, na chakula cha Mkenya ni ugali. Mpishi wa ugali hukaza sufuria kwa mkono mmoja na kusonga kwa nguvu kwa mwiko, na jiko la kitako chembamba huyumba. Chungu kirefu kinachojaza ndoo nzima nacho ni kizito kubeba. Tena kinapopata moto juu na kubaki baridi chini, udongo hutanuka visivyo sawa na kupata nyufa. Bati likitanuka kwa kiasi chake na udongo kwa kiasi chake, viwili hivyo huvutana hadi kimoja kiachie.

Kiuno ndicho kilichotatua matatizo hayo kwa mpigo mmoja, na bila shaka ndicho ubunifu mkubwa kuliko wote katika jiko hili. Ganda likabanwa katikati, nusu ya juu ikapanuka kupokea chungu, nusu ya chini ikapanuka kuwa kitako. Chungu kikafupishwa kikae nusu ya juu tu, kikiegemea kile kibano cha katikati. Sakafu yake, iliyotobolewa matundu, ndiyo inayobeba mkaa na kupitisha hewa kutoka chini. Chini ya kiuno hakuna udongo kabisa: pana chumba cha majivu cha bati na mlango wa hewa. Hapo hapahitaji kukingwa, kwa kuwa joto jingi liko juu kwenye makaa. Jiko likawa jepesi, likasimama imara, na udongo ukabaki mahali unapofanya kazi tu.

Kati ya chungu na bati hujazwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini ya jamii ya ulanga ambayo yakichomwa huvimba na kuwa mepesi, yaliyojaa hewa. Kenya inayo madini hayo. Tabaka hilo hushika chungu kisicheze, huziba nafasi, na huongeza kizuizi cha joto. Pia huupa udongo na bati nafasi kidogo ya kutanuka bila kugombana.

Udongo una kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Mkaa hupeleka joto kwenye sufuria zaidi kwa mnururisho, yaani joto linalorushwa na makaa mekundu, na pia kwa hewa moto inayopanda. Ukuta ukiwa baridi, makaa ya pembeni hupoa na kuungua vibaya. Ukuta wa udongo ukishika moto, chumba kizima cha makaa hubaki na joto kali, na ukuta wenyewe hurusha joto kuelekea katikati. Lakini udongo hudai kwanza: sehemu ya joto la mwanzo hupotea katika kuupasha moto. Kwa kikombe kimoja cha chai, nafuu ya jiko hili ni ndogo. Kwa maharage, githeri au makande yanayokaa motoni saa kadhaa, nafuu ni kubwa, na chakula cha namna hiyo ndicho kinachomaliza mkaa wa nyumba.

Mlango wa hewa hukamilisha mpango huo. Ukifunguliwa, moto huwaka kwa nguvu. Ukifungwa, makaa hubaki yakiwaka taratibu. Kiasi kikubwa cha akiba kinategemea mpishi kuukumbuka mlango huo sufuria inapoanza kuchemka. Vipimo vilivyonukuliwa sana vya miaka hiyo vinaonyesha matumizi ya mkaa kwa mtu mmoja yakishuka kutoka kilo 0.67 kwa siku hadi kilo 0.39, yaani punguzo la kama asilimia 40.

Lililobaki lilikuwa ni nani atalitengeneza. Hapa uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa busara kuliko hata umbo lenyewe. Hapakujengwa kiwanda kimoja cha kutoa jiko zima. Kazi iligawanywa pale hasa ganda na chungu vinapokutana, ili kila upande ubaki mikononi mwa fani iliyokuwapo tayari.

Ganda lilibaki kwa mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani, hasa wa Shauri Moyo na Kamukunji jijini Nairobi. Fundi hupasua pipa kuukuu la mafuta kwa patasi na nyundo, hulinyoosha, kisha hukata vipande kwa kufuata kiolezo cha bati. Fuawe yake mara nyingi ni kipande cha reli kilichochimbiwa ardhini. Vipande viwili hukunjwa kuwa pia mbili zilizokatwa ncha, zikaunganishwa kiunoni kwa kukunja kingo moja ndani ya nyingine na kuzigonga mpaka zishikane, bila kuchomelea. Hufuata miguu mitatu, vishikio viwili, mlango, na vipokeo vitatu vya sufuria ukingoni, vilivyopigwa ribiti kwa namna inayoviruhusu kugeuka. Sufuria kubwa hukaa na ndogo pia hukaa, kwa kuwa tatu ni idadi isiyoyumba, kama wapishi wa mafiga walivyojua tangu zamani. Kiolezo kina umuhimu mkubwa kuliko kifaa chochote hapo: chungu kinatoka kwa mtu mwingine, mtaa mwingine, na lazima kiingie.

Chungu nacho ni kazi ya mfinyanzi. Udongo husafishwa mawe na mizizi, hulowekwa, hukandwa, na huchanganywa na mchanga au vumbi la vigae ili usipasuke. Katika karakana ndogo hugandamizwa kwenye kalibu kwa mkono. Karakana kubwa hutumia kalibu inayozungushwa na mota. Kisha huanikwa kivulini siku nyingi, kwa kuwa maji yakibaki ndani hugeuka mvuke tanurini na kukipasua chungu. Kuchoma huhitaji joto la mamia ya nyuzi, lililotawanyika sawa. Chungu kilichoiva nusu hakina rangi inayokisaliti kila mara, lakini miezi michache baadaye sakafu yake huanza kumeguka kwenye matundu. Mnunuzi mzoefu hukigonga kwa ukucha kwanza: kilichoiva hulia, kibichi hutoa sauti nzito.

Umbo halikuwekewa hataza, na fundi yeyote aliruhusiwa kulinakili. Wala bei haikupunguzwa kwa ruzuku ya kudumu. Mwanzoni jiko liligharimu dola 15 hivi, bei iliyowatupa nje maskini waliolengwa. Waliolinakili walivyoongezeka, ushindani uliishusha hadi dola chache. Gharama ya uhuru huo ilikuwa majiko mabovu: bati jembamba, chungu kisichoiva, saruji isiyo na vemikulaiti. Yapo maoni kwamba udhibiti mkali tangu mwanzo ungeokoa sifa ya jiko, lakini udhibiti huo ungelifungia jiko katika karakana chache na bei ile ya juu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba majiko 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo. Vifaa vingi vya nishati vilivyoletwa Afrika vikiwa vimekamilika havikufika popote karibu na kiasi hicho.

Vijijini, ambako watu hupikia kuni na hawana sababu ya kununua bati, wazo lilelile lilichukua sura tofauti. Jiko lililoitwa Maendeleo, kwa jina la chama cha Maendeleo ya Wanawake kilicholisambaza, lilikuwa chungu tu kisicho na ganda. Hununuliwa sokoni na kujengewa jikoni kwa udongo na mawe. Baadaye lilijulikana pia kama Upesi, na vikundi vya wanawake wafinyanzi wa magharibi mwa Kenya vilijipatia riziki kwalo. Kwa kuwa kuni hazinunuliwi kila mahali, faida iliyolipigia debe ilikuwa moshi uliopungua na muda uliookolewa katika kutafuta kuni.

Jiko la kiuno lilivuka mipaka bila shida. Tanzania, Uganda na Rwanda zililipokea, na Ethiopia ikatoa lake lililoitwa Lakech. Kila mahali udongo wa huko ulilazimu majaribio mapya, maana udongo wa Nairobi haufanani na wa Addis Ababa, na kalibu iliyofaa mahali pamoja ilitoa vyungu vyenye nyufa mahali pengine.

Mipaka yake pia ipo. Mkaa unaowaka kwa hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chungu cha udongo hakiizuii. Jiko likiachwa linawaka usiku katika chumba kilichofungwa huua, liwe la zamani au la kisasa. Tena jiko linashughulikia hatua ya mwisho tu ya safari ya mkaa. Kabla ya hapo kuna tanuri la fungu la udongo porini, ambako kilo 5 hadi 10 za kuni hutoa kilo moja ya mkaa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko yoyote inayotokea jikoni, na imevutia ubunifu wa aina ileile. Tanuri la Casamance la Senegal ni fungu lile la kawaida lililoongezewa bomba la moshi lililotengenezwa kwa mapipa ya mafuta. Bomba hilo huizungusha hewa moto ndani ya fungu, na mavuno ya mkaa huongezeka pale mchomaji anapozikausha kuni vya kutosha na kuzipanga bila kuacha mapengo.