Hekalu la Kailasa: Jengo Lisilojengwa

Mwalimu afundishapo uhakiki huwaambia wanafunzi wake kwamba fani na maudhui havitengani. Mwanafunzi huikariri kauli hiyo, huiandika katika mtihani, na mara nyingi haiamini. Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo nje ya ushairi na riwaya, yaani katika usanifu wa majengo, kwa kulichambua hekalu moja la kale la Kihindu ambalo, kwa kusema kweli, halikujengwa.

Hekalu hilo ni Kailasa, lililoko Ellora, katika jimbo la Maharashtra, magharibi ya India. Huko Ellora mna mapango 34 yaliyochongwa na binadamu katika genge la mlima: 12 ya Kibudha, 17 ya Kihindu na 5 ya Kijaini. Kailasa huhesabiwa kuwa la 16. Wataalamu walio wengi hulihusisha na Krishna wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Rashtrakuta aliyetawala katika karne ya 8, ingawa wapo waonao kwamba kazi hiyo ilipita enzi ya mfalme mmoja.

Mafundi wa Kailasa hawakupandanisha jiwe juu ya jiwe. Walianzia juu ya mlima, wakachimba mahandaki kushuka chini, hata likabaki bonge la mwamba limesimama peke yake katikati. Bonge hilo wakalichonga kutoka paa hadi chini. Ajengaye huanza na msingi. Hawa waliumalizia msingi. Ua uliopatikana una urefu wa mita zipatazo 80 na upana wa mita 46 hivi, na hekalu lenyewe lina kimo cha mita zipatazo 30.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, wakahesabu tani za mawe yaliyoondolewa na kustaajabu. Lakini hesabu ya tani si uhakiki. La kuzingatia ni kwamba katika kazi ya namna hii kosa halina dawa. Mwashi akikosea hubomoa akajenga upya. Mchongaji akivunja mkonga wa ndovu, umekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo hekalu zima, pamoja na ngazi, madirisha na nguzo zake, lilipaswa kuonekana akilini kabla ya tindo la kwanza kugusa mwamba.

Mgeni apitapo langoni huingia uani, akakuta ndovu wa mawe na nguzo mbili ndefu zilizosimama pekee. Mbele yake ni banda la Nandi, fahali wa mungu Shiva, lililounganishwa na hekalu kwa daraja la mwamba ule ule. Ndani mna ukumbi wenye nguzo 16, na nyuma yake chumba kitakatifu chenye giza. Akiutazama ukuta wa chini ataona safu ya ndovu waliochongwa kana kwamba wamelibeba hekalu zima migongoni.

Hapa mhakiki mkali aweza kuleta pingamizi. Nguzo na boriti ni mahitaji ya mjenzi. Mwamba mzima hauna haja ya kujifanya umeungwaungwa. Je, Kailasa si uigaji tu wa mahekalu yaliyojengwa kwa mawe? Pingamizi hilo lina uzito, na kwa hakika umbo lake linafanana na mahekalu ya kusini ya zama zile.

Jibu limo katika jina. Kailasa ni mlima wa Himalaya unaoaminiwa kuwa makao ya Shiva. Upande wa kusini wa hekalu pamechongwa Ravana, jitu lenye mikono mingi, akijaribu kuutikisa mlima huo, na Shiva juu yake ametulia. Hekalu lingejengwa kwa matofali, mchongo huo ungekuwa pambo. Hapa mlima unaosimuliwa ndio mlima uliochongwa, na uthabiti wake hauhitaji kuelezwa. Namna ya kazi imekuwa maana ya kazi.

Hata hivyo tusisifu kwa upofu. Weusi wa mwamba tunaoupenda leo haukuwa nia ya waliolichonga: mabaki ya chokaa nyeupe yaonyesha kwamba hekalu lilipakwa, na wengi hufasiri weupe huo kuwa theluji ya mlimani. Pia jina la mfalme limehifadhiwa, ya wachongaji hayakuhifadhiwa. Maandishi ya bamba moja la shaba la mwanzoni mwa karne ya 9, ambayo wengi huyahusisha na hekalu hili, yasimulia kwamba fundi mwenyewe aliistaajabia kazi yake; lakini fundi huyo hatajwi jina. Waliotoa jasho wamebaki katika alama za tindo tu.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili pana somo la lugha vilevile. Tukisema hekalu hili "lilijengwa" tumekwisha kulipotosha. Lugha yetu inavyo vitenzi vya kutosha: kuchimba, kuchonga, kuchongoa, kutoboa, kunakshi, na kila kimoja kina mahali pake katika kazi hii. Vitenzi hivyo hivyo vyafaa kuelezea makanisa ya Lalibela, Ethiopia, yaliyochongwa mwambani karne kadhaa baadaye, bila kudai kwamba fundi mmoja alimfundisha mwenziwe.

Basi mwalimu awape wanafunzi wake picha ya Kailasa, na awatake wailezee bila kutumia kitenzi "kujenga". Watakapolazimika kutafuta neno linalolingana na tendo, wataona wenyewe kwamba fani na maudhui havitengani, wala hawatahitaji kuikariri kauli hiyo.