Kuhangaika si Wasiwasi

Katika insha za wanafunzi wetu, na hata katika hadithi zilizopigwa chapa, "wasiwasi" na "kuhangaika" hutumiwa kana kwamba ni maneno pacha. Sivyo, na anayeyachanganya hupoteza zaidi ya ufasaha.

"Wasiwasi" asili yake ni Kiarabu. Katika sura ya 114 ya Kurani, ambayo ndiyo ya mwisho, neno hilo humtaja mnong'onezaji atiaye shaka vifuani mwa watu. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo ya ndani: mtu huwa na wasiwasi, hutiwa wasiwasi, huondolewa wasiwasi, naye pengine amekaa kitako. Lakini "kuhangaika" hudai miguu. Mkulima wa Mlali ambaye nyanya zake zimeiva na gari la kuzipeleka sokoni Morogoro halijafika, akawa anapita huku na huku kutafuta matenga na mchukuzi, huyo anahangaika. Analijua vema linalomsumbua. Tukisema "ana wasiwasi", tumeiondoa shida yake barabarani tukaitia moyoni mwake, kana kwamba dawa yake ni kutulizwa.

Aidha, kitenzi hiki huzaa. "Kuhangaikia" huelekeza kwenye kitu kinachotafutwa. "Kuhangaisha" humtaka msababishaji. Historia ya milima ya Uluguru yatufunza thamani ya mnyambuliko huo. Tangu 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengine udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, ukafunuliwa ule wa chini usiostawisha mazao. Mwaka 1955 watu wa Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyo, walisimama kupinga, na mpango ukaachwa. Mwandishi atakayesema tu kwamba Waluguru "waliingiwa na wasiwasi" atakuwa ameandika hofu isiyo na chanzo. Akisema "walihangaishwa", msomaji atauliza mara moja: na nani?

Hatusemi kwamba wasiwasi ni neno la kutupwa. Mkulima yule yule, akiisha kuuza nyanya zake, aweza kulala na wasiwasi wa mvua za mwaka ujao. Basi mwalimu asahihishapo insha asiridhike na sarufi peke yake. Amwulize mwanafunzi: mtu huyu anasumbuliwa na moyo wake, au yuko anayemsumbua? Jibu ndilo litakalochagua neno.