Wimbo wa Mto Asiouona

Utazame, msomaji, ukurasa wa kwanza wa "Old Folks at Home", uliochapwa New York mwaka 1851. Mtungaji atajwaye hapo ni E. P. Christy, mkuu wa kundi la Wazungu waliojipaka weusi nyusoni ili kuwaigiza watumwa. Lakini mtungaji hasa ni Stephen Foster, mtu wa Pennsylvania, aliyeiuza haki ya jina lake.

Tuni yake ni nzuri mno. Penye jina la mto, sauti yaruka ghafula oktava nzima, kisha yashuka taratibu kama mtu ashushaye pumzi. Piano nayo yahitaji mapatano machache tu ya sauti, hata mwanafunzi aweza kuipiga nyumbani.

Maneno ndiyo yanikwazayo. Mtumwa atiwa kinywani hamu ya kurudi kwenye shamba la bwana wake, tena kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa cha jukwaa la dhihaka! Mto wenyewe, Suwannee, ulitolewa katika ramani, na jina lake likafupishwa ili lilingane na mapigo. Jimbo la Florida liliuchukua wimbo huu uwe wake mwaka 1935; mwaka 2008 maneno yakarekebishwa, tuni ikaachwa.

Foster alifariki mwaka 1864, mfukoni mna senti 38. Karatasi za wimbo zilikuwa zingali zikiuzwa kwa jina la Christy.