Zoezi la Isimu Vyuoni: Mfano wa Didia

Zoezi lililozoeleka katika kozi za Kiswahili vyuoni ni hili: "Jadili, kwa mifano, njia za kuunda maneno." Kasoro yake si ugumu, bali wepesi. Jawabu limekwisha andikwa vitabuni, pamoja na mifano. Mwanafunzi hunakili, na mwalimu husahihisha kazi ya mtu mwingine.

Yafaa zoezi limpeleke mwanafunzi kwenye maneno ambayo hajaainishiwa. Chukua mwanafunzi atokaye Didia, mkoani Shinyanga, ambako Kisukuma na Kiswahili husemwa nyumba moja, na ambako habari za machimbo ya dhahabu ya Geita si ngeni. Wachimbaji wadogo huita shimo lao duara, na mashine ya kusagia mawe karasha. Neno la kwanza, lenye asili ya Kiarabu, limepanuliwa maana kutoka umbo la mviringo; la pili limetoka Kiingereza, na wingi wake, makarasha, umeliingiza katika ngeli ya li-ya. Aagizwe kukusanya maneno kumi ya namna hiyo, aeleze aliyasikia wapi, kisha atetee uainishaji wake palipo na utata.

Huenda ikasemwa kwamba msamiati huo si sanifu. Hata hivyo zoezi halimtaki ausanifishe, lamtaka auchunguze. Pingamizi lenye uzito zaidi ni muda wa kusahihisha, maana hakuna majibu mawili yatakayolingana. Lakini majibu yakilingana yote, hapana budi kuuliza ni nani aliyefikiri.