Kibla na Hukumu: Mfano Mmoja katika Risala ya Imam Shafii

Msomaji, ukisimama Vanga na kuuelekea mji wa Makka, utakuwa umeelekea kaskazini karibu sawasawa; na wazee wetu wa pwani waliitumia kibla kuwa jina la upande huo. Kwa hiyo mtu wa Vanga ataufahamu upesi mfano mashuhuri uliomo katika Risala, kitabu cha Imam Shafii, aliyezaliwa mwaka 767 na kufa Misri mwaka 820.

Imam asema kwamba mwenye kuiona Al-Kaaba kwa macho yake hana la kutafuta, huielekea tu. Lakini aliye mbali hakuachiwa aelekee apendako. Yampasa ajitahidi kwa dalili: nyota, jua, pepo na milima. Ndivyo ilivyo hukumu. Penye aya, hadithi au makubaliano ya wanachuoni, kadhi huyafuata. Pasipo, hutafuta jambo lililokwisha kuhukumiwa, akalinganisha sababu yake na ya jambo jipya. Kulinganisha huko ndiko kuitwako kiyasi. Kuhukumu kwa kupendezwa tu, bila ya dalili, Imam alikukataa kabisa.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba baharia na mwanachuoni huuelewa sawa. Hata hivyo una upungufu. Anayekosea kibla baada ya kujitahidi hamnyang'anyi mtu mali. Kadhi anayekosea katika mirathi huweza kumwacha mjane mikono mitupu. Imam alijibu kwamba mwanadamu amekalifishwa yaliyo dhahiri, na ya ndani ayajua Mungu. Jibu hilo lamsalimisha kadhi, lakini mjane halimtoshi.

Naona jibu bora limo katika maisha yake mwenyewe. Alipohamia Misri alizipitia upya kauli zake za Iraki, akazibadili nyingi. Ndipo wafuasi wake wakapambanua kauli ya kale na kauli mpya. Baharia mwema hutazama nyota kila usiku, wala hatosheki na alizozitazama jana.

Madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea pwani yetu, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa mahakama za kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Basi ukisikia hukumu, uliza kwa adabu: dalili yake ni ipi? Imam asingalichukia kuulizwa, kwani sehemu kubwa ya Risala ni maswali ya mpinzani na majibu yake.